Maji Matamu Yasiyomfaa Mtoto

Waisraeli walipofika Mara wakiwa na kiu, hawakuweza kunywa maji yake kwa sababu yalikuwa machungu. Sisi wa Mugumu, tulio katika mkoa wenye jina hilohilo, tukumbuke kwamba si maji yote mabaya hujitangaza kwa uchungu. Yako yaliyo maangavu na matamu, kumbe yana naitreti.

Naitreti ni chumvichumvi itokayo kwenye kinyesi cha watu na mifugo, na kwenye mbolea. Mvua huishusha hadi kisimani. Huko Dodoma, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulitaja maji machafu ya vyoo kuwa chanzo chake.

Hatari yake ni kwa nani?

Hasa kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo. Naitreti huizuia damu yake kubeba oksijeni, na midomo na kucha hugeuka rangi ya buluu. Daktari Hunter Comly wa Marekani alieleza jambo hilo mwaka 1945. Ukiona dalili hiyo, mkimbize mtoto hospitali.

Sisi wauguzi tumewaambia siku zote, "Chemsheni maji." Bado twasema hivyo, maana moto huua vijidudu. Lakini naitreti haifi kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi kukolea.

Je, chujio la chuma?

Ni kweli kwamba chembe za chuma huweza kuondoa naitreti. Chuma kinaposhika kutu, huinyang'anya oksijeni yake. Hata hivyo, sehemu kubwa hugeuka amonia, hivyo maji hayana budi kusafishwa tena. Tena kutu ikizidi, chuma huchoka. Hiyo ni kazi ya mafundi wenye vipimo; misumari ndani ya ndoo isikudanganye, mama.

Tufanye nini?

1. Mtoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi sita.

2. Tuombe RUWASA wilayani ushauri wa kupima kisima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita.

3. Kisima kiwe upande wa juu, angalau mita 30 kutoka choo na zizi.

4. Kisima kikionekana kibaya, mtoto atafutiwe maji mengine, kama ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa.

Musa alimlilia Bwana, kisha akatenda alichoonyeshwa. Nasi tuombe, halafu tukahamishe zizi.