Jiwe la Simba likibadilika, mchezo ni ule ule?

Unionville ni kijiji cha zamani, sasa sehemu ya mji wa Markham, kaskazini ya Toronto. Kutoka kituo chake treni hushuka hadi Union Station, na hapo ukumbi wa Princess of Wales uko karibu. Ndiyo njia ya familia nyingi za huku wanapokwenda kutazama michezo ya jukwaani. Miongoni mwa wenzetu kutoka Afrika Mashariki, mchezo mmoja hauishi kuleta ubishi: "The Lion King".

Mchezo huo ulianza Minneapolis, Marekani, Julai 1997, ukafunguliwa New York Novemba mwaka huo huo. Toronto iliupata Aprili 2000, ukaonyeshwa Princess of Wales hadi Januari 2004. Ulirudi tena mwishoni mwa 2024, na ubishi ukarudi nao.

Ubishi wenyewe ni huu: mchezo unaosafiri ubadilishwe kwa kiasi gani?

Waliouona New York hawasahau lile jiwe la mfalme. Huinuka kutoka chini ya jukwaa huku likizunguka, Simba mchanga akaonyeshwa kwa wanyama wote. Lakini ziarani huwezi kutoboa sakafu ya kila ukumbi. Kwa hiyo jiwe huingizwa kutoka pembeni. Wapo mashabiki wanaoona wamepunjwa: nauli na tiketi wamelipa, jiwe hawakuliona likiota. Wengine huwajibu kwamba bila mabadiliko hayo mchezo usingefika miji yao kabisa.

Si mchezo huu peke yake. "Les Misérables" ilikuwa na jukwaa linalozunguka, ambalo liliachwa katika ziara ya miaka 25 iliyoanza mwishoni mwa 2009. "The Phantom of the Opera", uliokaa Toronto miaka kumi tangu 1989, ulirudi London mwaka 2021 ukiwa na wapiga ala 14 badala ya 27. Na "The Lion King" wenyewe, mwaka 2010, ulipunguzwa wimbo wa ndege Zazu akitoa habari za asubuhi. Kuna waliolalamika, na kuna ambao hata hawakugundua.

Kwetu sisi Waswahili, hata hivyo, ubishi una upande mwingine. Mchezo huu una maneno ya lugha za Afrika, Kizulu na Kiswahili zikiwemo. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na Sarabi, mama yake Simba, ni mazigazi ya jangwani. Lakini yule fisi ameitwa Shenzi, neno ambalo kwetu mtoto akilitamka mbele ya wazee atakaripiwa, na ambalo wazee wenyewe waliwahi kutukanwa nalo na wakoloni. Je, libadilishwe? Wapo wasemao ndiyo, watoto waliozaliwa Canada wasije wakadhani ni jina zuri. Wapo wasemao liachwe, kwani fisi ni fisi, na mzazi atapata nafasi ya kumweleza mwanawe.

Sisi tunaona jiwe si roho ya mchezo. Roho iko mwanzoni, pale wanyama wanapopita kwenye njia za katikati ya viti, tembo akibebwa na watu wanne walio ndani yake, twiga wakitembea juu ya magongo. Julie Taymor, aliyeuongoza, hakuwaficha waigizaji nyuma ya vinyago. Unamwona mnyama na unamwona mtu, wote wawili kwa pamoja. Ngoma nazo hupigwa kando ya jukwaa, mbele ya macho yako.

Hayo ndiyo yasiyofaa kupunguzwa. Siku tembo atakapoachwa ghalani ili kuokoa gharama, au ngoma zikatoka kwenye kanda, hapo tutaungana na walalamikaji.

Na kuhusu Kiswahili, ombi letu ni dogo: kitamkwe sawasawa. Mtoto wa Unionville anayekisikia nyumbani tu, kwa simu ya bibi kutoka Tanga au Mombasa, akikisikia pia kwenye jukwaa kubwa la mjini, atarudi na treni akijua kwamba lugha ya bibi si ya jikoni peke yake. Mabadiliko ya namna hiyo hayahitaji kutoboa sakafu ya mtu.