Mahekalu ya Maji na Ratiba ya Mpunga Kisiwani Bali

Kisiwa cha Bali kiko mashariki ya Java, katika nchi ya Indonesia, yapata nyuzi 8 kusini ya Ikweta. Eneo lake halifiki kilometa za mraba 6,000, na katikati yake imesimama milima ya volkano, mrefu kupita yote ukiwa ni Agung, wenye kimo cha zaidi ya meta 3,000. Majivu ya volkano hizo yameupa udongo rutuba, na mvua ni nyingi. Hata hivyo, mkulima wa Bali hakupewa kila kitu bure. Mito yake imechimba makorongo marefu katika mwamba laini, hivi kwamba maji hupita chini kabisa ilhali mashamba yako juu. Mtu aweza kusimama shambani mwake akasikia mto ukinguruma, asipate hata ndoo moja ya kumwagilia.

Dawa ya tatizo hilo ilipatikana kale. Wakulima hupanda juu mtoni hadi mahali ambapo kina cha maji kiko sawa na mashamba yao au juu kidogo. Hapo hujenga banio, na kutoka banioni maji huongozwa kwa mifereji na mahandaki yaliyotobolewa mwambani, mengine yakipita urefu wa kilometa moja. Mwisho wa safari hiyo maji hushuka jaruba hadi jaruba juu ya matuta ya ngazi, kisha mabaki yake hurudi mtoni, ambako huchukuliwa tena na banio la watu wa chini.

Kazi ya namna hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja, wala na ukoo mmoja. Ndiyo sababu wote wanaopata maji kutoka mfereji mmoja huungana katika chama kiitwacho *subak*. Chama hicho si kijiji: mtu aweza kuishi kijiji hiki na kuwa mwanachama wa subak mbili au tatu, kwa kadiri mashamba yake yalivyotawanyika. Maandishi ya kale ya Bali yanavitaja vyama hivi tangu karne ya 11. Kila subak ina kiongozi wake, aitwaye *pekaseh*, na ina sheria zake, ziitwazo *awig-awig*, zinazoeleza zamu za kusafisha mifereji na faini za wavivu na wezi wa maji. Katika mikutano yake mtu wa tabaka la juu hana sauti kubwa kuliko jirani yake wa tabaka la chini.

Yafaa tutazame kwa makini jinsi maji yanavyogawanywa. Mahali mfereji unapogawanyika hulazwa gogo lililochongwa mapengo yenye kina kilicho sawa, lakini upana mbalimbali. Mwenye haki ya hisa mbili hupata pengo lenye upana mara mbili ya lile la mwenye hisa moja. Mto ukijaa, wote hupata zaidi. Mto ukipungua, wote hupungukiwa kwa uwiano ule ule. Hapahitajiwi mlinzi wala kipimo cha chuma, kwani kila apitaye aweza kuona kwa macho yake kama pengo limepanuliwa kwa hila. Mwalimu wa hesabu atakayetaka kufundisha uwiano atapata hapa mfano mzuri kuliko ile ya vitabuni.

Sasa tuje kwenye mahekalu. Watu wengi wa Bali hufuata dini ya Kihindu ya namna yao, nayo imeambatana na maji kila hatua. Pembeni mwa shamba, pale maji yanapoingilia, pana madhabahu ndogo ya mwenye shamba. Subak nzima ina hekalu lake. Subak kadhaa zinazotumia mto au chemchemi moja zina hekalu kubwa zaidi. Na juu ya yote, ukingoni mwa kasoko ya mlima Batur, liko hekalu la Ulun Danu Batur, la Dewi Danu, mungu wa kike wa ziwa lililo ndani ya kasoko hiyo. Hekalu hilo lilihamishiwa mahali lilipo sasa baada ya volkano kulipuka mwaka 1926. Wajumbe wa subak hulipandia na sadaka zao, na makuhani wake huombwa shauri watu wanapogombania maji au wanapotaka kufungua mfereji mpya.

Mgeni akiona haya yote aweza kudhani kwamba ni mambo ya ibada tu. Lakini katika mikutano ya mahekalu hayo huamuliwa jambo la kilimo lililo kubwa kuliko yote, yaani nani atapanda lini. Ili tuone uzito wa uamuzi huo, hatuna budi kufikiri juu ya adui wawili wa mpunga. Adui wa kwanza ni ukame. Jaruba huhitaji maji mengi sana wakati wa kulilainisha na kupandikiza miche; mashamba yote ya mto mmoja yakianza siku moja, maji hayatoshi. Adui wa pili ni wadudu na panya, ambao huhama kutoka shamba lililovunwa kwenda lililo bichi. Wakulima wa eneo kubwa wakivuna pamoja na kuyaacha mashamba yote matupu, au yakiwa yamefurika maji, kwa majuma kadhaa, wadudu hukosa chakula na kufa. Basi dhidi ya ukame yafaa watu wapande kwa zamu. Dhidi ya wadudu yafaa wapande pamoja. Huwezi kutimiza yote mawili kikamilifu.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima wa juu na mkulima wa chini wana mashamba yanayoweza kutoa magunia 10 kila moja. Wakipanda kwa nyakati mbalimbali, maji yanawatosha wote, ila wadudu wanakula gunia moja la kila mmoja: 9 kwa 9. Wakipanda pamoja, wadudu hawapo, lakini maji yanaishia kwa wa juu, na wa chini anapoteza magunia mawili: 10 kwa 8. Wa chini hatakubali. Lakini wa juu akimwachia maji kidogo, hata yeye mwenyewe apoteze nusu gunia na hasara ya mwenzake ishuke hadi nusu gunia, watapata 9.5 kwa 9.5. Wadudu, basi, ndio wanaomfanya mwenye maji amhurumie asiye nayo! Wanafunzi na wajaribu kubadili tarakimu hizo, waone ni lini mapatano yanavunjika.

Umuhimu wa mpango huu ulidhihirika ulipoondolewa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 serikali ya Indonesia, iliyokuwa na haja kubwa ya chakula, ilieneza mbegu za Mapinduzi ya Kijani. Aina ya IR8 ilikuwa imetolewa mwaka 1966 na taasisi ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino. Mbegu hizo zilikomaa upesi na kuzaa sana zilipopewa mbolea ya chumvichumvi. Wakulima wa Bali walihimizwa kupanda mara nyingi kadiri iwezekanavyo, bila kungoja ratiba ya hekalu. Mavuno ya mwanzo yalipanda. Kisha yakaja maangamizi: mdudu mdogo wa kahawia aitwaye *wereng*, ambaye hufyonza utomvu wa mpunga, na ugonjwa wa tungro unaoenezwa na jamaa zake. Wataalamu walileta mbegu nyingine na dawa kali zaidi. Wadudu wakazoea, na dawa zikaua hata buibui, ambao ndio waliokuwa wakiwala wadudu hao.

Mwaka 1979 ulianza mradi mkubwa wa umwagiliaji uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Asia. Wapangaji wake waliona mabanio na mifereji; mahekalu waliyahesabu kuwa mambo ya dini, yasiyohusu uhandisi. Sidhani kwamba walikuwa watu wa dharau. Walikuwa wamefundishwa kupima mtiririko wa maji, wala hakuna aliyewafundisha kuuliza ni nani anayeamua siku ya kupanda.

Aliyeuliza swali hilo ni J. Stephen Lansing, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu kutoka Marekani. Pamoja na James Kremer, mtaalamu wa ikolojia, alitengeneza kielelezo cha kompyuta cha mito miwili, Oos na Petanu, yenye subak 172. Katika kielelezo hicho kila subak ilianza na ratiba yoyote. Mwisho wa mwaka ilitazama majirani zake, ikaiga ratiba ya yule aliyevuna vizuri zaidi. Baada ya miaka michache ya hesabu, bila amri ya yeyote, subak zilijikusanya katika makundi yanayopanda pamoja, na makundi hayo yalifanana sana na yale yanayokutana mahekaluni. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1993. Baadaye wakulima walipoulizwa lipi linawasumbua zaidi, wadudu au uhaba wa maji, wengi wa juu walitaja wadudu, na wengi wa chini walitaja maji, kama mfano wetu wa magunia unavyotarajia.

Hata kabla ya hapo wakulima wenyewe walikuwa wamedai kurudi kwenye kupanda pamoja, na katika miaka ya 1980 maofisa wa kilimo walianza kukubali. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za dawa za wadudu katika mashamba ya mpunga. Mbegu mpya hazikutupwa, bali sehemu nyingi ziliingizwa ndani ya ratiba ya zamani.

Mwaka 2012 UNESCO iliandikisha mashamba na mahekalu ya subak, karibu hekta 19,500, katika Urithi wa Dunia. Tishio la leo halitokani na wadudu. Karibu na miji na fukwe, shamba likiuzwa kujengwa hoteli huleta fedha ambazo mpunga hauwezi kuzileta. Subak ina nguvu juu ya maji, lakini si rahisi kwake kumzuia mwenye shamba kuliuza. Na mfereji ukikatwa katikati na jengo, majaruba yaliyo chini yake hukauka, hata kama wenyewe hawakukusudia kuuza.