Opus: maktaba moja ya sauti na vyombo vitatu vya kuitumikisha

Ujumbe wa sauti ambao wakaaji wanatumiana kila siku kwa WhatsApp unasafiri kwa njia ya Opus. Opus ni namna ya kupunguza uzito wa sauti, iliyokubaliwa kama kanuni ya intaneti mwaka 2012. Programu yake, libopus, iko wazi: kila mtu anaweza kuichukua bure, kuisoma na kuibadilisha.

Lakini libopus ni maktaba ya programu. Ni kama motere bila gari: nguvu iko, ila hauwezi kuipanda. Anayejua kuandika programu ndiye anaweza kuitia ndani ya kazi yake.

Ndiyo sababu kukatengenezwa vyombo vidogo vinavyoitwa opus-tools. Viko vitatu: opusenc inapunguza sauti, opusdec inairudisha kuwa WAV, opusinfo inaonyesha faili iko namna gani. Havina picha wala vitufe. Mtu anaandika amri moja tu kwenye kompyuta:

opusenc --bitrate 24 habari.wav habari.opus

Faida yake inaonekana kwenye mega. Kipindi cha dakika 30 katika WAV ya ubora wa CD kina uzito wa mega 317 hivi. Kwa amri hiyo kinabaki karibu mega 5 na nusu, na maneno yanasikika vizuri. Kwa mwandishi wa habari aliye Walikale ao Mwenga, ambako rezo ni ya shida, hiyo ndiyo tofauti kati ya habari kufika leo na kutofika.

Basi kuna faida gani vyombo hivi kukaa inje ya maktaba yenyewe? Kila chombo kinaleta kazi: kukitengeneza kikiharibika, kukiandikia maelezo. Vikikaa pembeni, kosa la chombo halizuie maktaba kutoka. Kwa hiyo, anayetaka kupendekeza chombo kipya kwa maktaba yoyote ya namna hii ajibu kwanza maulizo matatu: nani anakihitaji, nani atakitunza kesho, na kitakaa ndani ao pembeni?

Neno moja la mwisho kwa wenye kutunza sauti: Opus inatupa sehemu ambazo sikio halizisikie sana, na opusdec haiwezi kuzirudisha. Tuma Opus, lakini usifute WAV ya kwanza.