Kaulimbiu za mzaha na saratani ya matiti: vijana wetu wanafunzwa nini?

  Leo tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona tu, nalo ni saratani ya matiti na namna inavyotangazwa kwa vijana.

Kila ufikapo mwezi wa Oktoba, utepe wa rangi ya waridi huonekana kila pembe ya dunia kuwakumbusha watu maradhi haya. Waandaaji wa kampeni hizo wanajua kuwa vijana hawapendi hotuba. Kwa hiyo baadhi yao wameamua kuwaendea kwa mzaha: huchukua neno la mtaani linalotaja matiti kwa utani, wakalichapa kwenye fulana na bangili za mpira, wakaamini kuwa kijana akishacheka atauliza, na akishauliza atajifunza.

Kisa mashuhuri zaidi ni cha Marekani. Mwaka 2010, katika mji wa Easton, jimbo la Pennsylvania, wasichana wawili wa shule walisimamishwa masomo kwa kukataa kuvua bangili za taasisi ya Keep A Breast. Bangili hizo ziliandikwa kwa lugha ya utani kwamba mvaaji anayapenda matiti. Shule ilisema maneno hayo ni machafu na yanawachochea wavulana. Wasichana wakasema wanataka watu waanze kuzungumza juu ya ugonjwa unaoua mama zao na bibi zao. Shauri likaenda mahakamani, na mwezi Agosti 2013 mahakama ya rufaa ikawapa wasichana haki kwa kura 9 dhidi ya 5. Majaji walio wengi waliona kuwa maneno yale si machafu waziwazi, na kwamba yanagusa jambo lenye maslahi kwa jamii. Mwezi Machi 2014 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa kulisikiliza shauri hilo tena.

Tuwe waadilifu. Wasichana wale walikuwa na nia njema, na hakuna anayeweza kuwalaumu kwa kuwapenda mama zao. Lakini tuangalie pia kile mahakama iliulizwa. Iliulizwa kama mwanafunzi ana haki ya kuvaa maneno hayo shuleni. Haikuulizwa kama maneno hayo yanamfundisha mtu kuujua ugonjwa. Swali hilo la pili ndilo letu sisi wazazi na walimu.

Huenda msomaji wa Kisanga akasema kuwa mambo ya Pennsylvania hayatuhusu. Yanatuhusu, kwani yanatufikia ndani ya marobota ya mitumba. Nimewahi kumwona gulioni binti wa umri wa darasa la sita amevaa fulana ya waridi yenye maneno ya namna hiyo kifuani. Yeye na mama yake hawakuwa na habari ya maana yake. Vijana wawili waliosoma sekondari walikuwa na habari, na vicheko vyao vilitosha kunieleza wamejifunza nini. Saratani haikutajwa.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti duniani, na 670,000 walifariki kwa sababu yake. Hapa Tanzania ni saratani ya pili kwa wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Tathmini ya huduma za afya ya matiti iliyofanyika nchini mwaka 2017 ilionyesha kuwa takriban wagonjwa 80 katika kila 100 hugunduliwa ugonjwa ukiwa umefika hatua ya tatu au ya nne, wakati ambapo tiba huwa ngumu, ghali na yenye matumaini madogo. Msiba wetu mkubwa uko katika hilo la kuchelewa. Kaulimbiu yoyote basi ipimwe kwa kipimo kimoja: je, inamfanya mwanamke mmoja afike mapema?

Nachelea kusema zile za mzaha haziwezi. Mwenye kuvaa bangili ile hajui dalili hata moja zaidi ya alizozijua jana. Hajaambiwa kuwa uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, na kutoumwa huko ndiko kunakowadanganya wengi wakangoja. Hajaambiwa habari ya ngozi inayobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ilhali haikuwa hivyo, majimaji yenye damu, au uvimbe wa kwapani. Wala hajaambiwa kuwa hata wanaume huupata ugonjwa huu, ingawa ni wachache mno, kiasi cha mmoja katika kila wagonjwa 100.

Tena kuna wanaoumizwa. Mwanamke aliyekatwa titi ili aokoke, akipita mbele ya kijana mwenye maandishi yanayosifu matiti, anaelewa vipi? Anaelewa kuwa kinachostahili kuokolewa ni kiungo kile alichokwisha kukikosa, na uhai wake umesahauliwa. Naye binti wa miaka 13, ambaye mwili wake ndio kwanza unabadilika na tayari anatazamwa kwa macho asiyoyapenda, anaongezewa watazamaji. Ilhali saratani hii kwa umri wake ni nadra sana. Uvimbe unaoonekana kwa wasichana wa rika hilo kwa kawaida si saratani, ingawa ni lazima uonyeshwe kwa mganga. Hatari iko kwa mama yake, kwa shangazi yake na kwa bibi yake.

Sisemi kwamba kila uchokozi wa maneno ni mbaya. Waswahili ni watu wa mafumbo, na kanga zetu zina maneno makali kuliko bangili yoyote ya Marekani. Wengi wetu tunakumbuka matangazo ya redio ya Fataki yaliyosikika nchini mwaka 2008 na miaka iliyofuata. Yalichekesha watu wazima na watoto, na jina lile likawa neno la mitaani: mzee anayewarubuni wanafunzi akaitwa Fataki mbele ya watu, na akaona aibu. Tofauti ni kwamba mzaha ule ulimcheka mkosaji na kumwacha binti na heshima yake. Aidha, msikilizaji aliondoka akijua la kufanya, nalo ni kuingilia kati. Bangili yetu inacheka na mwili wa anayeugua, na haimwagizi mtu kufanya lolote.

Hata hivyo, wenzangu wenye kukemea fulana hizo juu ya mimbari nina neno nao. Haya ni sehemu ya imani, hilo halina mjadala. Lakini Bibi Aisha (RA) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao, na Ummu Sulaym (RA) alimwuliza Mtume (SAW) mambo ya mwili ambayo leo binti zetu hawathubutu kuyauliza kwa mama zao. Alijibiwa kwa uwazi bila ya kukaripiwa. Tukiukataza mzaha kisha tusiseme chochote, tumewarudisha wanawake wetu kwenye ukimya uleule unaowafikisha hospitali wakiwa wamechelewa. Kati ya mambo mawili hayo, ukimya umeua wengi zaidi.

Sisi watu wa Kilosa tulikuwa na mahali pa kuyasema haya. Mwali aliwekwa ndani, na kungwi akamtajia kila kiungo kwa jina lake, bila ya soni na bila ya hadhara. Nina yangu ya kusema juu ya baadhi ya yanayotendeka katika unyago, ila si leo. Lakini mpango wenyewe, wa mwanamke mtu mzima kumweleza binti kwa maneno ya wazi mahali pa faragha, hauna kasoro. Madrasa zetu zina walimu wa kike wanaofundisha twahara na hedhi. Wakishataja damu ya hedhi, kuna uzito gani kuongeza somo la titi na kwapa, na kumwambia binti: usiku wa leo mweleze mama yako dalili hizi, umwulize kama anayo mojawapo? Binti atumwe kama mjumbe kwa mama yake, asitishwe kwa ugonjwa ambao karibu hakika si wa rika lake. Wakati wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, tuliona kuwa mambo mazito ya mwili yanaweza kuzungumzwa na mabinti bila ya utani.

Kuhusu stara, wanawake wengi huniuliza kama wanaweza kupimwa na mganga mwanamume. Atafutwe kwanza mganga mwanamke. Asipopatikana, wanazuoni wameruhusu mwanamume kwa dharura, afunue panapohitajika tu, na awepo mahramu wake au mwanamke mwenzake. Rufaida (RA) aliwatibu majeruhi wanaume hemani mwake msikitini Madina, na Mtume (SAW) aliridhia.

Wavulana nao wasiachwe nje ya somo hili, wafundishwe na walimu wao wa kiume. Anayeanzia kwenye zahanati ya hapa kijijini hupelekwa Mikumi au Kilosa, kisha Morogoro, na wengine hatimaye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwendo wa takriban kilomita 300 kutoka Mikumi. Nauli hiyo, pamoja na ya mtu wa kumsindikiza, mara nyingi imo katika mfuko wa mume au wa mtoto wa kiume, naye husema tusubiri tuvune kwanza. Kijana afundishwe sasa kwamba uvimbe haungoji mavuno, na kamati za misikiti yetu zitenge sehemu ya sadaka za Ijumaa kwa ajili ya safari hiyo.