Nzi Hufika Kabla ya OPJ

Mwili ukitupwa mchana kwenye vichaka vya nje ya Tenke, mkoani Lualaba nchini Kongo, nzi hawachelewi. Jike la nzi wa kijani, yule anayeng'aa kama shaba iliyosuguliwa, huweza kufika ndani ya dakika chache na kutaga mayai machoni, puani, mdomoni au kwenye jeraha. OPJ, ofisa wa polisi anayepeleleza kwa niaba ya parquet (ofisi ya mashtaka), atafika baadaye. Pengine siku ya tatu, mvua ikiruhusu. Swali lake la kwanza ni lile lile la wafiwa: amekufa lini?

Daktari huanza na joto la mwili na jinsi ulivyokakamaa. Zikipita siku mbili tatu, dalili hizo hazimsaidii tena. Hapo ndipo mabuu wanapochukua kazi.

Ujuzi huu ni wa kale. Mwaka 1247, Song Ci, ofisa wa sheria wa China, alisimulia kisa cha wakulima walioamriwa kuweka miundu yao chini baada ya mwenzao kukatwakatwa. Nzi walitua kwenye mundu mmoja tu, na mwenyewe akakiri. Mwaka 1894 Mfaransa Jean Pierre Mégnin akatoa kitabu kinachoeleza jinsi wadudu wanavyopokezana maiti, kundi baada ya kundi.

Umri wa buu husomeka, ajabu, matakoni. Huko nyuma ndiko anakopumulia, na chini ya darubini kila tundu la pumzi huonyesha mipasuko: miwili akiwa katika hatua ya pili ya ukuaji, mitatu akifikia ya tatu. Mtaalamu hupima pia urefu wake na kutambua aina yake, kisha anarudi nyuma kwa hesabu hadi saa mayai yalipotagwa.

Hesabu hiyo hutegemea joto, na hapa ndipo majedwali ya ukuaji ya Ulaya, au hata ya Kinshasa, yanapoweza kumpotosha mpelelezi wa Lualaba. Aina nyingi za nzi karibu hazikui kabisa joto likishuka chini ya nyuzijoto 10 hivi. Chukua kiwango hicho: siku yenye wastani wa nyuzijoto 25 inampa buu digrii 15 za kukulia kwa saa 24, yaani 360. Siku yenye wastani wa 15 inampa 120 tu, theluthi moja. Tenke iko juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya kiwango hicho. Buu yule yule anayesema siku mbili wakati wa mvua anaweza kusema siku sita wakati wa kiangazi. Asiyepima joto mahali pale anaweza kumfunga asiyehusika.

Hilo la kumfunga asiyehusika si nadharia. Huko Las Vegas, Marekani, maiti ya mwanamume ilikutwa nje usiku wa tarehe 8 Julai 2001, ina majeraha mengi lakini haina yai hata moja la nzi. Mwanamke mmoja alihukumiwa kwa mauaji hayo, na kesi iliporudiwa mwaka 2006 akatiwa hatiani tena. Miaka ikapita kabla wataalamu wa wadudu hawajaieleza mahakama kwamba katika joto la Julai nzi wasingeuacha mwili huo mchana. Basi mtu huyo aliuawa jua likiwa limezama au likielekea kuzama, wakati mshtakiwa alikuwa mji mwingine, zaidi ya kilomita 250 kutoka hapo. Hukumu ilifutwa Desemba 2017. Mayai ambayo hayakuwepo ndiyo yaliyomwokoa.

Nzi nao hudanganya. Usiku kwa kawaida hawatagi. Mwili uliofungiwa ndani au kufukiwa huwachelewesha. Mabuu wakijazana hutoa joto lao wenyewe na kukua haraka kuliko hewa ya nje inavyoonyesha. Na kuna *Chrysomya albiceps*, nzi aliyeenea Afrika, ambaye buu wake mwenye miiba hula mabuu wengine, hivyo shahidi wa kwanza anaweza kuliwa kabla OPJ hajafika.

Kwa Lualaba kuna jambo jingine, nalo ni madini. Katika miaka ya 1970 Pekka Nuorteva wa Finland alipima zebaki katika wadudu waliokulia kwenye maiti ya mwanamke asiyejulikana. Ilikuwa kidogo, akasema marehemu alitoka eneo lisilochafuliwa sana. Ikabainika kuwa alikuwa mwanafunzi wa mji wa Turku, eneo la aina hiyo. Sasa fikiria Tenke, ambako tangu 1931 reli ya Benguela inakutana na ile ya Lubumbashi na Kamina. Mgeni huweza kuingia kutoka pande tatu. Mwaka 2018 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walionyesha kwamba wakazi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi uliochimbwa kobalti hadi chini ya nyumba, wana kobalti nyingi zaidi mwilini kuliko majirani wa eneo lisilochimbwa, watoto hasa. Buu hula mwili uliokula vumbi la mgodi, na huweza kudokeza marehemu alitoka wapi. Bila shaka udongo wenyewe unaweza kumchafua, kwa hiyo lazima nao upimwe.

Vifaa vya kuanzia havigharimu sana: kipimajoto, vichupa, maji ya moto na alkoholi. Nusu ya mabuu huuawa kwa maji ya moto na kuhifadhiwa. Nusu hulelewa hai kwa kipande cha ini hadi watoke nzi wanaotambulika kwa urahisi. Kazi hiyo ifanyike kabla mwili haujaoshwa. Lebo huandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye alkoholi.