Ulinzi wa Mtaa Si Hukumu ya Mtaa

Ibara ya 146 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inazikabidhi serikali za mitaa jukumu la kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Ndiyo maana mwenyekiti wa mtaa na kamati yake huratibu ulinzi shirikishi, nao wakazi huhoji matumizi ya michango yao mkutanoni. Mafundisho Jamii ya Kanisa huiita kanuni auni: linalowezwa na jumuiya ndogo lisiporwe na iliyo kubwa.

Hata hivyo, mamlaka hayo yana mpaka. Mlinzi akimkamata mtuhumiwa wa wizi, anapaswa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa; hana ruhusa ya kumpiga wala kumhukumu. Ibara ya 13 inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa, na Ibara ya 14 inalinda uhai wake. Kelele za “mwizi!” hazifuti haki hizo.

Basi, mkutano wa mtaa unapoitishwa, tuhudhurie. Tuulize: ni nani wanaolinda usiku, wamepewa maelekezo gani, na anayekamatwa hupelekwa wapi?