Sarafu za Kale za Kirumi kama Matini: Ukusanyaji, Utambuzi na Muktadha

Utangulizi

Sarafu ni miongoni mwa matini zinazoshikwa na watu wengi mno na kusomwa na wachache mno. Mtu huipokea, huihesabu na kuitoa, pasipo kujali ni nani aliyechorwa juu yake wala ni maneno gani yaliyouzunguka uso wake. Sarafu inapopitwa na wakati na kuacha kununua chochote, hapo ndipo wasomaji wake wa kweli hujitokeza. Makala haya yanafafanua jinsi sarafu za kale za Kirumi zinavyokusanywa na kutambuliwa. Hoja inayoendelezwa ni kwamba sarafu hizo ni matini kamili, zenye sarufi, taswira na muktadha, na kwamba maana yake husimama juu ya mafiga matatu: madini na umbo, maandishi na picha, na mahali zilipopatikana. Figa la tatu ndilo linaloporwa mara nyingi zaidi, na likiondoka, matini hubaki imekatwa ulimi.

Ukusanyaji wa sarafu hizi si jambo geni. Mnamo mwaka wa 1354 mshairi Petrarch alimtunukia Kaizari Charles wa Nne sarafu za watawala wa kale wa Roma, akikusudia ajifunze kutokana na mifano ya waliomtangulia. Usomi wenyewe ulipata misingi imara Joseph Eckhel alipochapisha mjini Vienna kitabu chake chenye majuzuu manane kati ya mwaka wa 1792 na 1798. Tangu mwaka wa 1923, orodha kuu ya sarafu za makaizari imekuwa ikichapishwa Uingereza juzuu baada ya juzuu, na nambari zake ndizo zinazotumiwa na makavazi na wakusanyaji hadi leo.

Madini, Uzani na Umbo

Hatua ya kwanza ya utambuzi ni kuipima sarafu kabla ya kuisoma. Sarafu mashuhuri zaidi ya Kirumi ni ile ya fedha iliyoitwa denarius, iliyoanza kutolewa karibu na mwaka wa 211 K.K., wakati Roma ilipokuwa ikipigana na Hannibal. Jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya "kumi kumi," kwa kuwa ilikuwa na thamani ya sarafu kumi za shaba zilizoitwa as. Baadaye thamani hiyo ilibadilishwa ikawa as 16, lakini jina halikubadilika. Katika mfumo wa Kaizari Augustus, sarafu moja ya dhahabu, yaani aureus, ilikuwa sawa na denarius 25; denarius moja ilikuwa sawa na sestertius nne, na sestertius moja sawa na as nne.

Madini husimulia pia historia ya dola iliyokuwa ikidhoofika kiuchumi. Mnamo mwaka wa 64 B.K. Kaizari Nero alipunguza uzani wa denarius na kiasi cha fedha halisi ndani yake. Mwaka wa 215 Caracalla alitoa sarafu mpya ambayo mtawala alionyeshwa akiwa amevaa taji la miale mfano wa jua. Kufikia miaka ya 268 hadi 270, sarafu hiyo ya taji la miale ilikuwa na fedha isiyofikia sehemu moja ya ishirini. Ilikuwa shaba iliyopakwa fedha kijuujuu. Kwa hiyo rangi na uzani peke yake huweza kumwelekeza mtambuzi kwenye karne inayohusika, hata pale ambapo jina la mtawala limelika.

Namna ya kuunda sarafu ni kigezo kingine. Kisahani cha madini kiliwekwa baina ya mihuri miwili ya chuma iliyochongwa, kisha fundi akaugonga muhuri wa juu kwa nyundo. Ndiyo maana sarafu halali huweza kuwa na picha iliyokwenda upande, au herufi zilizokatwa ukingoni. Sarafu bandia aghalabu huundwa kwa kumimina madini yaliyoyeyushwa katika kalibu, na hivyo kuacha vijitundu vya hewa usoni na mstari wa mshono ukingoni. Hata hivyo, si kila bandia ni ya leo. Warumi wenyewe walikuwa na walaghai waliofunika kiini cha shaba kwa utando wa fedha. Naye Giovanni da Cavino wa Padua, katika karne ya 16, aliiga sarafu kubwa za Kirumi kwa ustadi mkubwa hivi kwamba kazi zake sasa hukusanywa kwa thamani yake yenyewe.

Sarufi ya Maandishi

Maandishi ya sarafu za Kirumi humtisha anayeyaona kwa mara ya kwanza. Maneno hufupishwa, hayaachiwi nafasi, na herufi V hutumika pia mahali pa U. Lakini vifupisho vyenyewe ni vichache na hujirudia. IMP ni imperator, yaani jemadari mkuu; CAES ni Caesar, jina ambalo Kiswahili kimelipokea kama Kaizari; AVG ni Augustus, mtukufu, ambalo ndilo lililozaa jina la mwezi wa Agosti; P M ni kuhani mkuu; TR P ni mamlaka ya utetezi wa umma; COS ni konsuli; na P P ni baba wa taifa.

Mfano mzuri ni sarafu ya Trajan iliyoandikwa IMP TRAIANO AVG GER DAC P M TR P COS V P P, na nyuma yake S P Q R OPTIMO PRINCIPI. GER na DAC ni sifa za ushindi dhidi ya Wajerumani na watu wa Dacia. COS V inaonyesha kwamba Trajan alikuwa amekwisha kuwa konsuli mara ya tano. Kwa kuwa aliupata ukonsuli wa tano mwaka wa 103 na wa sita mwaka wa 112, sarafu hii haina budi kuwa ya kati ya mwaka wa 103 na 111. Herufi nne tu zimetosha kuifungia ndani ya miaka tisa.

Jambo linalomhusu zaidi mwanafunzi wa lugha ni mwisho wa jina. Sarafu hii haisemi TRAIANVS bali TRAIANO. Kilatini huonyesha uhusika wa nomino kwa kubadilisha kiambishi tamati chake, na kiambishi hiki kinamtaja mtu anayetendewa au kupewa jambo. Sarafu yote, basi, ni sentensi moja yenye pande mbili: Seneti na watu wa Roma wanamtolea Trajan, mtawala aliye bora kabisa. Kiswahili huubeba uhusiano huo ndani ya kitenzi kwa kauli ya kutendea: toa, tolea, andika, andikia. Kilatini huubeba mwishoni mwa nomino. Asiyeiona herufi hiyo moja ataliona jina tu. Anayeiona atasikia sauti ya anayesema na kumjua anayesemeshwa.

Taswira na Sauti ya Mtawala

Wengi walioshika sarafu hizi hawakujua kusoma, na kwao picha ndiyo iliyonena. Mwanamke mwenye mizani ni Aequitas, yaani haki. Mwenye mabawa ni Ushindi. Mwenye usukani wa chombo na pembe iliyojaa matunda ni Bahati. Msimbo huo ukijulikana, upande wa nyuma husomeka hata maandishi yanapofutika.

Hata hivyo, picha hizo si shahidi asiyeegemea upande. Baada ya Yerusalemu kuangushwa mwaka wa 70, Kaizari Vespasian alitoa sarafu zenye maneno IVDAEA CAPTA, "Yudea imetekwa," zikionyesha mwanamke ameketi kwa majonzi chini ya mtende. Kilichokuwa msiba kwa waliotekwa kilitangazwa kuwa fahari sokoni. Vilevile, sarafu za Hadrian zinaonyesha mwanamke aitwaye AFRICA amevaa kichwani ngozi ya kichwa cha ndovu. Msomaji wa leo asidhani kuwa hilo ni bara zima; lilikuwa jimbo la kaskazini, katika eneo la Tunisia ya leo na jirani zake.

Wakati mwingine sarafu hutegemea hata fasihi. Carausius, jemadari aliyejitwalia utawala wa Britania kuanzia mwaka wa 286, alitoa sarafu za fedha zenye herufi RSR, ambazo kwa muda mrefu ziliwashinda wataalamu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo ilipobainishwa kwamba hizo ni herufi za mwanzo za maneno matatu ya mshairi Vergilius yanayotabiri kurejea kwa enzi ya neema. Mwasi aliyetafuta uhalali aliukopa kutoka kwa mshairi, akitumaini kwamba waliosoma wangeitambua dokezo hiyo kwa herufi tatu tu. Huo ni mwingilianomatini uliofinyangwa katika fedha.

Mahali Ilipopatikana

Umuhimu wa figa la tatu unadhihirishwa na mifano mitatu. Wa kwanza ni wa Frome, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka wa 2010 mtafutaji mmoja mwenye kifaa cha kugundulia madini aliuona mtungi uliojaa sarafu. Badala ya kuzichota, aliacha kuchimba na kuwaita wanaakiolojia. Sarafu 52,503 ziliondolewa tabaka kwa tabaka. Ikabainika kwamba sarafu nyingi za Carausius, ambazo ni miongoni mwa zilizoundwa mwisho, hazikuwa juu bali ndani zaidi. Kwa hiyo mtungi haukuwa kibubu kilichojazwa kidogo kidogo kwa miaka. Yaelekea ulijazwa kwa mkupuo mmoja. Ushahidi huo haukuwa katika sarafu yoyote. Ulikuwa katika mpangilio wake. Mkono mmoja wenye pupa ungeufuta kwa dakika chache.

Mfano wa pili ni sarafu za dhahabu zenye jina la Sponsianus, zinazosemekana kupatikana Transylvania mwaka wa 1713. Historia haimtaji mtawala huyo popote. Sarafu zake zilimiminwa katika kalibu, na maandishi yake ni IMP SPONSIANI, umbo la umilikishi lenye maana ya "ya Sponsianus," ilhali mazoea ya sarafu za makaizari ni kumtaja mtawala kama mtenda au kama mtendewa. Kwa sababu kama hizo zilihesabiwa kuwa bandia. Mwaka wa 2022 watafiti waliochunguza sarafu mojawapo iliyoko Glasgow walidai kuwa mikwaruzo na udongo ulioganda juu yake vinaonyesha uhalali; wataalamu wengine wamewapinga. Mjadala huu umedumu kwa muda mrefu kwa sababu hakuna kumbukumbu ya kuaminika ya jinsi sarafu hizo zilivyotoka ardhini.

Mfano wa tatu unahusu soko. Mwaka wa 42 K.K. Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, alitoa sarafu yenye majambia mawili, kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, na maneno EID MAR, yaani tarehe 15 Machi. Sarafu moja ya aina hiyo, ya dhahabu, iliuzwa mjini London mwaka wa 2020 kwa zaidi ya dola milioni nne za Marekani. Hati za asili yake zilibainika kuwa za uongo, na mwaka wa 2023 ikarejeshwa Ugiriki. Sarafu ilikuwa ya kweli. Kilichokuwa bandia ni wasifu wake.

Kutoka Denarius hadi Dinari

Je, haya yanakihusu Kiswahili? Kitabu cha Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, kinaieleza bandari ya Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki. Miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa huko kinataja mikuki, mashoka na vitu vya kioo, wala si sarafu. Maneno, hata hivyo, yalifika kwa njia nyingine. Denarius ilipita katika Kiyunani ikaingia Kiarabu kama dinar, na kutoka huko Kiswahili kikapata dinari. Njiani maana ilihama: jina la sarafu ya fedha likawa la sarafu ya dhahabu. Fulusi nalo linatokana na wingi wa Kiarabu wa neno lililotoka kwa follis ya Kilatini, ambayo maana yake ya asili ni mfuko. Dirhamu ilitokana na drakma ya Kiyunani.

Mwishoni mwa karne ya saba, Khalifa Abd al-Malik aliondoa picha kwenye dinari na kubakiza maandishi peke yake. Desturi hiyo ya sarafu ya maandishi matupu ndiyo inayoonekana pia katika sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, ambazo maandishi ya pande zake mbili hukamilishana kwa vina. Wapwani walioishika sarafu ya Kilwa walishika, kwa hakika, ubeti mdogo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuitambua sarafu ya kale ni kuisoma kwa vidole, kwa sarufi na kwa historia. Mizani hutaja karne, kiambishi hutaja uhusiano, picha hutaja itikadi, na ardhi hutaja tukio. Mkusanyaji anayenunua sarafu bila kuuliza ilikotoka hulipia madini na kuchangia kuufuta ushahidi. Onyo hilo linahusu hata nyumbani. Sheria ya Kenya ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka wa 2006 inavihesabu kuwa vya kale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka wa 1895, na inamtaka anayevumbua kitu cha kiakiolojia atoe taarifa. Kwa hiyo anayeokota sarafu katika magofu ya pwani na asiitie mfukoni, bali akaiacha ilipo, akapaandika mahali hapo na kuwaarifu wahusika, atakuwa ameihifadhi matini pamoja na muktadha wake. Msomi wa lugha hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba neno lililong'olewa katika sentensi yake huweza kusemeshwa lolote.